Paa la Kuzuia Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mche mmoja wa kunde nikaambiwa nihesabu majani yake. Nilikuwa nimekuja na jembe begani, nimelinoa tangu jana yake, kwa sababu tulisikia kituo cha utafiti kinataka vibarua, na kibarua niliyemjua mimi ni mtu wa kulima. Afisa Utafiti, mtu mrefu aliyevaa soksi za kufika magotini, aliniangalia mimi, akaliangalia jembe, akasema, "Hilo weka pale. Unajua kuhesabu?"

Nikasema najua. Nikahesabu, nikapata majani hamsini na matatu. Akaandika, akasema, "Rudia." Mara ya pili nikapata hamsini na moja. "Rudia." Mara ya tatu nikapata hamsini na mawili, jasho linanitoka, nikijua nimefutwa kazi kabla ya saa nne ya chai. Afisa Utafiti akafunga daftari lake taratibu. "Sasa umeanza," akasema. "Mtu anayepata jibu moja mara zote tatu huwa hahesabu, anakumbuka."

Jioni nilimweleza mama yangu kazi niliyofanya. Akaniuliza, "Na mkimaliza kuhesabu, mnapika?" Nikamwambia hatupiki. Akaniuliza kama wanaotulipa wanajua.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi hii ya fundi wa utafiti wa mimea, kazi ambayo nimeifanya mpaka nywele zimeniisha. Nawaandikia nyinyi vijana mnaosomea mimea vyuoni, kwa sababu kila likizo ndefu mlikuwa mnaletwa kwetu kujifunza utafiti, na kila mkiondoka mlitaja maprofesa wenu tu. Sina kinyongo. Ila nataka mjue nani alikuwa anawabebea ndoo.

Kutoka hapo nilihamishiwa upande wa Kitui, kituo kidogo karibu na Tulia, chini ya Mhifadhi wa Mimea Mikavu. Kazi ya bosi huyo ilikuwa kuokota mmea wa porini, kuulaza katikati ya kurasa za gazeti, kuubana kwa mbao na kamba mpaka ukauke, kisha kuushona kwenye karatasi ngumu na kuandika ulitoka wapi. Mmea uliohifadhiwa hivyo unaweza kukaa kuliko wewe na wajukuu wako. Shida ya bosi wangu ilikuwa kupenda kusoma. Angefungua gazeti kutazama mmea, akaona habari ya mpira ya miezi mitatu iliyopita, akavuta kiti. "Kimeu, ulijua hawa walifungwa?" Nikimjibu kwamba nchi nzima inajua, ananuna mpaka saa saba.

Lakini huko Tulia nilijifunza mbegu. Siku ya soko Mhifadhi alinituma kwa akina mama wanaouza kunde na ndengu, nikaambiwa nisinunue ya kupika bali niulize ile wanayoificha. Kila mwanamke ana mbegu anayouza na mbegu anayoweka nyumbani kwenye kibuyu, imechanganywa na majivu isiliwe na wadudu. Ile ya kibuyu haiuzwi. Unakaa, unakunywa uji, unasema wewe ni mtoto wa nani, unaulizwa kwa nini hujaoa, halafu ndipo unapewa kiganja kimoja. Tuliweka mbegu nyingi za namna hiyo kwenye friji ya kituo, kila moja na lebo yake na jina la soko ilikotoka.

Kisha nikapelekwa Nunguni, kule juu, na mimi ni mtu wa bondeni. Nililala na koti kwa miaka mitatu. Mkuu wa kituo kile hakuamini kipimo chochote ambacho hakukishuhudia kwa macho yake. Nikipima urefu wa mche, yeye ameinama upande wa pili ameshika rula. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikamuuliza kama ananishuku. Akaniambia, "Wewe sikushuku, Kimeu. Naishuku rula." Na kweli siku moja tuliilinganisha na nyingine tukakuta imekatwa ncha. Sijawahi kusahau jinsi alivyofurahi, alitembea na rula ile ofisi nzima akiwaonyesha watu.

Nikarudishwa bondeni, Makueni, kwenye kituo nilikostaafia. Huko ndiko nilikokutana na wanafunzi wa likizo. Zamani likizo ndefu ilikuwa na mwezi wake. Siku hizi kalenda za vyuo zimevurugika, huangukia mwezi wowote, lakini mpango ni ule ule: vijana wanane au kumi wa mwaka wa tatu wanaletwa kituoni kwa miezi mitatu, kila mmoja anapewa swali lake moja dogo, anapanda, anapima, anaandika ripoti, halafu anasimama mbele ya jopo kuitetea. Wengine walikuja wakitafuta mtandao wa simu juu ya kichuguu. Mmoja alikimbia kinyonga mpaka barabarani. Mwingine aliandika jina la mpenzi wake kwenye lebo za mihogo, wakaachana wiki ya pili, ikabidi apime mihogo hiyo kila asubuhi mpaka mwisho. Wengi wao walitoka wakiwa watafiti, na hilo nalisema kwa fahari.

Mwaka wangu wa mwisho aliletwa Wambui. Wazazi wake walitoka zamani upande wa kati wa nchi wakafungua hoteli Mtito Andei, pale wenye malori wanapokula. Alishuka na begi moja na chupa tatu za rangi ya kucha. Niliziangalia zile chupa nikasema moyoni, mwaka huu tumeletewa bibi harusi.

Kesho yake nilimkuta shambani amepiga magoti anapaka rangi ya kucha chini ya jani la kunde.

"Msichana wangu," nikamwambia, "hilo jani linaenda wapi?"

"Aki Mzee, ngoja ikauke utaona." Ikakauka, akaibandua polepole kwa utepe, ikatoka ngozi nyembamba inayong'aa, akaiweka chini ya hadubini. "Angalia sasa."

Nikaangalia. Nikaona alama za yale matundu madogo sana ambayo mmea hupumulia. Jua likizidi na maji yakipungua, mmea wenye akili huyafunga ili usipoteze maji. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa nimesikia habari za matundu hayo, na sikuwahi kuyaona mpaka siku ile, kwa rangi nyekundu ya kucha. Nikamwomba msamaha kwa yale niliyowaza, naye hakujua ni wa nini.

Swali lake lilikuwa hili: kati ya aina nne za kunde, ni ipi inayostahimili kukosa maji wakati wa kutoa maua? Tatu zilikuwa za madukani. Ya nne ilikuwa ile ya kibuyu cha Tulia, kutoka kwenye friji. Tulipanda vitalu viwili vinavyofanana, kila aina mistari kadhaa ndani yake. Kitalu kimoja kingemwagiliwa daima. Hicho ndicho cha kulinganishia, maana bila hicho huwezi kujua kama mmea umeteseka kwa kiu au ni tabia yake tu. Kitalu cha pili kingemwagiliwa mpaka maua yaanze, kisha kikatiwe maji kabisa.

Sasa kama unataka ukame kwa utafiti, Ukambani utapata, ila hauji siku uliyopanga nao miadi. Likizo ya mwaka huo iliangukia Oktoba hadi Desemba, na hiyo ndiyo mvua yetu ya kutegemewa. Kwa hivyo Mkuu wa Kituo aliagiza paa la magurudumu: fremu ya chuma, plastiki nyeupe juu, na reli mbili za kutelezea. Jua likiwaka, paa linasukumwa kando mimea ipate jua la kweli. Wingu likija, linasukumwa juu ya kitalu kikavu. Ni zito, lazima watu wawili.

Mkuu wa Kituo alikuwa mwanamke, Daktari wa mimea, mzaliwa wa Kitui, mkali kuliko pilipili kichaa. Aliandika amri kwa chokaa ukutani: WINGU LIKIONEKANA, PAA LIINGIE. Akatukusanya. "Tone moja likiingia humo, utafiti umekufa. Sitaki kusikia nilikuwa chooni. Mzee Kimeu, hili paa ni lako."

"Ni langu, Daktari," nikasema, na nilimaanisha.

Wambui alinieleza mwenyewe alichokuwa anapigania. Kila mwaka jopo humchagua mwanafunzi mmoja anayepewa nafasi ya kuendelea na utafiti wake chuoni mwaka wa mwisho, gharama zote zimeshughulikiwa. "Baba amenipa likizo hii moja tu," akasema. "Ati mambo ya majani hayana mwisho. Nisipopata hiyo nafasi, nabadilisha kozi nisomee biashara, na kila likizo niko jikoni. Mzee, mimi chapati naweza, lakini sitaki kuziweza maisha yangu yote."

Basi mvua ikakataa kuja. Oktoba ikaisha bila tone. Katika mashamba yetu ya nyumbani sisi kama kila mtu tulikuwa tumepanda kavu, mbegu zimelala udongoni zinangoja. Mawingu yalikuja yakapita. Kila yakija tulisukuma paa ndani, kila yakienda tulisukuma nje, na watu waliopita barabarani kwenda sokoni wakasimama kutuangalia. Fikiria wewe mwenyewe umefunga siku tatu kuomba mvua, halafu unakuta wazee wenye akili zao wanasukuma paa ili mvua isinyeshee kunde.

Mke wa mchungaji alinisimamisha baada ya ibada. "Baba Ndunge, si mtuambie tu ukweli. Hilo paa linafukuza mvua?"

"Mama Mchungaji, paa halifukuzi mvua. Linaikinga tu pale pale chini yake."

"Na Mungu atajuaje nyinyi mnataka pale pale tu?"

Jumapili iliyofuata mchungaji aliomba Mungu awaguse "wale ambao kwa elimu yao wanasimama kati ya mbingu na shamba," na kanisa zima likaitikia amina huku likinitazama kisogoni. Mke wangu alitembea mbele yangu njia nzima. Kufika nyumbani akaniuliza tu, "Hiyo kazi inaisha lini?" Nikamwambia Desemba. Akasema Desemba ni mbali.

Novemba ikasonga. Kunde za kitalu kikavu ziliinamisha majani. Wambui alikuwa na furaha, kwa sababu data ilikuwa nzuri, na alikuwa na huzuni, kwa sababu si jiwe. Kila asubuhi alichomeka mita ya unyevu udongoni, ile yenye misumari miwili inayosema udongo una maji kiasi gani, na kila asubuhi namba ilishuka. "Wiki moja tu, Mzee," akasema. "Wiki moja zaidi ya kiu, nimemaliza."

Siku ya tatu ya wiki hiyo, mita ikaisha betri. Wambui akaenda mji wa Wote kununua nyingine. Kabla hajaondoka kulikuwa na wingu, tukasukuma paa ndani, akaliangalia, akanigongea ngumi kwa ngumi kama mnavyofanya, akaenda.

Saa tisa mchana ikanyesha.

Haikuanza kwa manyunyu. Ilianguka yote. Harufu ya udongo ilipanda ikanifika kifuani. Nilisikia watu wa jikoni wanapiga kelele, "Mbua! Mbua!" na sufuria zinatolewa nje, na kutoka ng'ambo ya barabara vigelegele. Nilikuwa nimesimama kando ya kitalu. Maji yalikuwa yanamiminika kutoka ukingo wa paa, yanaanguka shubiri mbili kutoka kwa mstari wa mwisho wa kunde, na kunde zenyewe zimeinama pale, kavu, zinasikia.

Najua mimea haisikii. Niacheni niseme nilivyoona.

Daktari akatoka ofisini mbio. Alikuwa pekupeku, viatu amevisahau chini ya meza, faili ameliweka kichwani. Nilifikiri anakuja kuhakikisha paa limeingia. Alifika, akasimama karibu nami, akatazama. Faili likalowa akaliacha likaanguka.

"Mzee Kimeu," akasema, "zinatuangalia."

"Nani, Daktari?"

"Kunde."

Sitasema nani alishika mpini kwanza. Mpaka leo sisi wawili tunasukumiana kosa hilo kwa heshima. Ninachojua ni kwamba tulisukuma, na paa halikuwahi kuteleza vizuri kama siku ile. Mvua ikaingia kitaluni. Daktari mzima wa mimea, mtu ambaye wanafunzi walimkimbia kuliko kinyonga, alipiga kigelegele, na mimi nikavua kofia nikaishika juu chini ijae maji. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kazini. Tulikaa hivyo kama nusu saa.

Halafu mvua ikapungua, na akili zikarudi.

"Kimeu," akasema polepole, "tumefanya nini?"

"Tumeondoa paa, Daktari."

"Nani ameona?"

"Mungu."

"Huyo tuko upande mmoja." Akatazama kitalu, maji yamesimama kati ya mistari. "Rudisha paa."

Tukalirudisha. Hapo ndipo kosa lilipogeuka kuwa dhambi. Wambui alifika jioni amelowa, anacheka, ameshika betri kama ametoka kuziokoa vitani. "Mzee, imenyesha! Watu huko Wote wanacheza barabarani! Paa liko ndani?"

"Liko ndani kama unavyoliona," nikasema.

Asubuhi akachomeka mita. Namba ikaruka juu. Akatoa betri akaweka tena. Akapima kitalu cha maji, akapima kikavu, vikalingana. "Nimeharibu mita," akasema. Kuna njia ya zamani ya kuhakikisha: unachota udongo, unaupima, unaukausha kwenye jiko la maabara hadi kesho, unaupima tena, uzito uliopotea ndio maji. Akafanya hivyo. Mimi ndiye niliyemshikia sahani. Siku hiyo hakula mchana. Nilitaka kumwambia, nikaenda ofisini kwa Daktari, naye akasema, "Nipe siku moja nitafute namna ya kumwambia," na nikaona Mkuu wa Kituo anaogopa msichana wa mwaka wa tatu. Na mimi nilimwogopa vilevile.

Kesho yake jiko likasema kile kile mita ilichosema. Wambui akakaa chini akafikiri. "Basi paa linavuja," akasema, na akaenda kuchukua ngazi.

Nilimkuta juu, amelala tumbo kwenye fremu, gundi mdomoni, anapapasa ile plastiki inchi kwa inchi akitafuta tundu. Uso ulikuwa umechoka. Alikuwa ametafuta tangu saa kumi na mbili asubuhi.

"Shuka," nikamwambia. "Hakuna tundu."

"Lazima liko, Mzee. Maji haikuingia tu."

"Niliondoa paa. Mvua ilivyonyesha, nikaliondoa."

Akashuka. Akaniangalia muda mrefu. "Kwa nini?"

Nikasema, "Ilikuwa imenyesha."

"Miezi miwili, Mzee," akasema. Kisha akageuka akaliangalia paa. "Na hii kitu ni ya watu wawili. Ulisukuma na nani?"

Macho yake yakaenda polepole mpaka dirisha la ofisi. Pazia likaanguka.

Siku mbili hakunisemesha. Nilimletea maji ya kunawa, akasema asante akiitazama ndoo. Nimekosana na mabosi wengi, nimewahi kuandikiwa barua ya onyo, na hakuna kilichoniuma hivyo. Daktari alimwita ofisini, na walipotoka wote wawili walikuwa na macho mekundu, lakini utafiti haurudi kwa kuomba msamaha.

Siku ya tatu nilipita kitaluni nikasimama. Aina tatu za madukani zilikuwa pale pale zilipokuwa, majani yamelegea, mengine yameanza kudondoka. Ile ya Tulia ilikuwa imeinua kichwa. Kwenye vifundo vya shina vilikuwa vimetoka vijani vipya, vidogo kama sikio la panya. Nikaenda mpaka mlangoni kwake. "Najua hunitaki," nikasema. "Lakini njoo uhesabu."

Akaja. Akahesabu. Akarudia. Akarudia tena. Akachukua chupa ya rangi ya kucha, ile ya mwisho, akapaka. Kwa wiki mbili zilizobaki hakulala vizuri wala mimi. Swali lake la kwanza lilikuwa limekufa, la nani anastahimili kiu mpaka mwisho. Lakini kulikuwa na swali jingine mbele yake, la nani anafufuka kiu ikikatika, na hilo, kama ungeuliza mkulima yeyote kutoka hapa mpaka Mwingi, ndilo la maana. Sisemi kwamba tulimsaidia. Alichukua uharibifu wetu akaupima.

Jopo likakaa. Mkuu wa Mafunzo alikuja kutoka chuoni, profesa mwenye suti na kalamu mbili mfukoni, na nafasi ile ilikuwa mkononi mwake. Daktari alikaa kushoto kwake kama mwenyeji. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango, kwa sababu ndimi niliyekuwa nawasha projekta. Wambui alieleza vizuri, jedwali baada ya jedwali, mpaka nikaona profesa anaitikia kwa kichwa. Kisha akarudi ukurasa wa nne, sehemu ya mbinu, mahali mtafiti anapoeleza kila alichofanya na kila kilichotokea.

"Hapa," profesa akasema, akasoma kwa sauti. "'Mvua iliponyesha, wafanyakazi wawili wa kituo waliondoa paa kwa sababu ya furaha.'" Akavua miwani. "Furaha?"

"Ndiyo, Prof."

"Hii ni ripoti ya sayansi. Andika hitilafu ya mitambo."

"Mitambo haikuwa na shida, Prof. Niliikagua."

"Basi andika sababu zisizoepukika."

"Ingeepukika. Paa lilikuwa ndani. Walilitoa."

"Binti, mimi nataka kukusaidia." Akaweka kalamu juu ya fomu, nikaiona fomu yenyewe kutoka nyuma. "Kazi yako ni ya kwanza hapa, sioni nyingine. Lakini siwezi kupeleka neno hili kwa kamati. Futa neno moja tu, nitie sahihi."

Nilimwombea kimoyomoyo afute. Neno moja! Nilifikiria hoteli ya Mtito Andei na zile chapati. Wambui alitazama karatasi yake.

"Nikifuta, mtu atasoma afikiri paa ni bovu, atengeneze paa," akasema. "Na paa si bovu. Akija kufanya utafiti kama huu hapa kwetu, lazima ajue mvua ikinyesha watu watafanya nini. Prof, hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine."

Daktari akasimama. "Prof," akasema, "mfanyakazi mmoja ni mimi."

"Wewe?"

"Nilikuwa pekupeku."

Basi na mimi nikasimama, kwa sababu ningekaa vipi. "Na wa pili ni mimi," nikasema. "Mimi nilikuwa na viatu."

Wanafunzi walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye kiti. Profesa hakucheka. Alimtazama Daktari, akanitazama mimi, akarudi kwa Wambui. "Na furaha hiyo," akauliza, "umeipimaje?"

"Kwa mita ya unyevu, Prof. Iko jedwali la pili."

Akafungua jedwali la pili. Akalisoma kwa makini. Kisha akachukua kalamu akatia sahihi, neno likiwa pale pale.

Wambui alimpigia baba yake simu akiwa nje ya mlango, na sote tulimsikia mzee akiuliza kwa sauti kubwa, "Sasa chapati nani atasimamia?" Halafu akauliza ile kunde ya Tulia inapikika haraka, na kama anaweza kupata gunia.

Nimestaafu sasa, niko kwangu na mke wangu na shamba letu. Wakati mwingine nafikiria vitu nilivyopima maisha yangu yote, majani na urefu na uzito wa vitu vikavu, na ripoti nilizobeba kutoka chumba hiki hadi kile. Zilikuwa nyingi, na sikuwahi kuwa ndani ya hata moja. Fundi hawekwi ndani. Anashika rula tu.

Juzi Wambui alinitumia nakala ya ile yake, imechapwa na kubanwa vizuri. Mke wangu akaipokea, akaigeuza, akauliza, "Na wewe uko wapi hapa?"

Nikamwonyesha ukurasa wa nne, ule mstari wa wafanyakazi wawili na furaha yao, kwa kidole. Akausoma polepole mara mbili. Kisha akanitazama, akasema, "Kumbe siku ile ya mvua ulikuwa wewe."